Diwani na Daftari Lake

Mwaka 1960 Manispaa ya Dar es Salaam ilipata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi. Miaka sita kabla ya hapo, mzaliwa huyo wa Ujiji alikuwa ametoa kitabu ambacho walimu wa ushairi hawajakiacha mpaka leo, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Alikuwa basi na diwani yake mkononi kabla hajaketi na madiwani wenzake ukumbini. Kiswahili kinayatenganisha mambo hayo mawili kwa upatanisho wa sarufi tu: diwani ya Amri inasomwa, diwani wa kata anachaguliwa, diwani zimepangwa kabatini, madiwani wamekaa kikao.

Wengi huyachukulia kuwa maneno mawili yaliyofanana sauti kwa bahati, kaa la moto na kaa wa pwani. Sivyo. Ni neno moja, na kati ya maana zake mbili, ile ya kitabu ndiyo mzazi. Kabla diwani hajawa mtu, diwani ilikuwa orodha iliyoandikwa: nani yumo, anastahili nini, kimeingia kiasi gani, kimetoka kwenda wapi. Nalirudia jambo hili kwa sababu kazi ya diwani wa leo, katika halmashauri 184 za Tanzania Bara, huyumba hasa pale mtu anapokalia kiti na kuliacha daftari.

Neno lilianzia Uajemi. Kabla ya Uislamu, diwani ya Waajemi ilikuwa maandiko ya dola na mahali yanapohifadhiwa. Wataalamu wengi wa lugha hizo hulihusisha na dipi, neno la Kiajemi cha kale lenye maana ya maandishi, ambalo mfalme Dario alilitumia kuyataja maneno yake mwenyewe aliyoyachonga kwenye mwamba wa Behistun. Dipi nalo hufuatwa nyuma kupitia Kielamu na Kiakadi hadi dub ya Wasumeri, yaani kibao cha udongo ambacho makarani wao walikiandikia hesabu za shayiri na kondoo. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa karne ya 14, anasimulia chanzo kingine: Kisra, mfalme wa Waajemi, aliwatazama makarani wake wakihesabu kimoyomoyo huku midomo ikichezacheza, akasema hawa ni diwana, yaani wendawazimu. Wanaisimu hawakikubali kisa hicho, lakini hata chenyewe kinamweka karani na hesabu zake katikati ya neno.

Kwa Waislamu wa mwanzo, diwani ilianza na tatizo la kugawa fedha. Wapokezi wa habari wanaeleza kwamba Abu Huraira alirejea Madina kutoka Bahrein na mali, na alipomtajia Khalifa Umar bin Khattab kiasi chake, dirhamu laki tano, Umar hakuamini. Akamwambia una usingizi, nenda ukalale, uje asubuhi. Asubuhi hesabu ikawa ileile. Umar akawauliza watu waigawe namna gani, kwa kupima au kwa kuhesabu, na mmoja wao akasema amewaona Waajemi wakiwa na diwani ya kuandikia majina. Umar akawaita watu watatu waliozijua nasaba za Makuraishi, Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Naufal na Jubeir bin Mut'im, akawaamuru waandike. Walianza na ukoo wa Mtume, wakafuata wa Abu Bakr, kisha wakauweka ukoo wa Umar kwa kuwa ndiye mtawala. Umar akaukataa mpangilio huo. Akataka waandike kwa kuangalia ujamaa na Mtume, na ukoo wake uwekwe pale nasaba ilipouweka, chini zaidi. Hayo yalikuwa karibu mwaka 640.

Linasimuliwa jingine ambalo kila anayeshika orodha ya watu angepaswa kulijua. Mwanzoni mtoto aliandikiwa fungu lake baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja Umar alikuwa analinda msafara uliotua nje ya Madina, akasikia mtoto analia bila kunyamaza. Akamwendea mama yake mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akamlaumu. Yule mama, asiyejua anazungumza na nani, akamjibu kwamba anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati kwa sababu Umar haandiki jina la mtoto anayenyonya. Alfajiri Umar alisalisha huku kilio kikimzuia kusoma vizuri, kisha akatangaza kila mtoto aandikwe tangu kuzaliwa. Sharti moja la kuingia orodhani lilikuwa limekwisha kuwaumiza watoto wachanga kabla aliyeliweka hajajua. Kijiji chochote kilichowahi kukaa mkutano wa kuhakiki orodha ya kaya za TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, kinaelewa uzito huo. Jina likikatwa kwa uzembe wa mtu mmoja, kaya nzima inakosa unga.

Vizazi viwili baadaye, mwishoni mwa karne ya 7, Khalifa Abd al-Malik bin Marwan aliamuru madaftari ya serikali yaandikwe Kiarabu. Mpaka wakati huo yale ya Iraki yalikuwa kwa Kiajemi na ya Shamu kwa Kigiriki, na makarani waliojua lugha hizo walikuwa na nguvu kuliko magavana waliowaajiri, maana huwezi kumkagua mtu kwa kitabu usichoweza kukisoma.

Baada ya hapo neno lilisafiri kila upande. Istanbul lilikuwa baraza kuu la sultani, likikutana katika kasri la Topkapı. India lilimwangukia mtu, waziri wa mapato wa ufalme wa Wamoghali, na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilipopewa udiwani wa Bengal mwaka 1765 ilipata haki ya kukusanya kodi ya nchi nzima. Ufalme ulikuwa tayari umekwenda, ingawa mfalme alibaki kwenye kiti chake. Italia likawa dogana, Ufaransa douane, Hispania aduana, yote kwa maana ya forodha, mahali ambapo mali inaandikwa kabla haijapita. Washairi walioyakusanya mashairi yao mahali pamoja wakaita mkusanyiko huo diwani, ndiyo maana Hafidh wa Shiraz ana diwani, na kwetu pia kuna Diwani ya Muyaka na Diwani ya Mnyampala. Hata kochi refu lisilo na mgongo linaloitwa divan huko Ulaya lilipata jina kutoka kwenye viti vya kandokando ya kuta katika vyumba vya mabaraza hayo. Neno letu baraza limepita njia hiyohiyo: ni kibaraza cha mawe mbele ya nyumba, na ni kikao cha watu wanaoamua mambo. Oman hadi leo ofisi kuu ya kasri la sultani huitwa Diwani, na kila wilaya ina wali wake. Huyo wali ndiye liwali wetu wa zamani, na wilaya ni mahali anapotawala.

Mrima neno lilifika likiwa tayari limevaa sura ya mtu. Katika miji ya pwani inayotazamana na Unguja, Pangani, Saadani, Bagamoyo na mingineyo, madiwani walikuwa wakuu wa miji, na mara nyingi mtu huyohuyo aliitwa pia jumbe. Richard Burton alipita huko mwaka 1857, na katika kitabu alichotoa mwaka 1860 aliorodhesha heshima zao kwa jicho la mtu asiyewapenda, jambo ambalo msomaji analipunguzia mwenyewe. Anasema madiwani walikuwa na haki ya kuvaa kilemba, kukalia viti, na kuvaa mitalawanda, vile viatu vya mbao. Mtu wa kawaida aliyejitwalia heshima hizo alitozwa faini ya mbuzi au ng'ombe. Sauti ya mbao barabarani ilitosha kutangaza nani anakuja.

Cheo hicho kilikuwa na gharama. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa mwaka 1903, anaeleza jinsi mtu alivyotawazwa na ada alizotakiwa kutoa kwa wakuu waliomtangulia. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika utafiti wake kuhusu Pangani na miji jirani uliotoka mwaka 1995, anaonyesha jinsi karamu na ngoma zilivyokuwa uwanja wenyewe wa siasa. Aliyetaka ukubwa alilisha mji, aliyelisha mji alipata wafuasi, na mwenye wafuasi alidai sehemu ya faida iliyotoka kwa misafara. Wanyamwezi walioshuka na pembe za ndovu walitoa ada kwa madiwani, na ada hizo zikarudi mitaani kuwa pilau na nguo. Sioni sababu ya kuudharau mpango huo. Ulimlazimisha tajiri agawe, na diwani aliyekuwa bahili hakudumu.

Ila daftari lilikuwa kwa nani? Si kwa diwani. Ushuru wa pwani yote sultani aliukodisha, kwa miaka mingi kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji na baadaye kwa Taria Topan, na vitabu vyao vilikuwa forodhani Unguja. Mizigo ya pembe na gundi ya sandarusi iliandikwa huko, ng'ambo ya bahari, na mtu mwingine. Diwani wa Mrima aliijua misafara kwa uso na kwa sauti ya ngoma yake, lakini hakuwa na hesabu ya kumwonyesha sultani kwamba mji wake ulizalisha kiasi gani na ulirudishiwa nini.

Udhaifu huo ulionekana mwaka 1888. Aprili mwaka huo Sultani Khalifa aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50, na kiini cha mkataba kilikuwa forodha. Agosti wajumbe wa kampuni wakaja kuchukua majengo ya ushuru na kupandisha bendera yao. Pangani, ambako mjumbe wao Emil von Zelewski aliingia kwa kiburi, mji ulilipuka, na vita vilivyofuata vikaenea pwani karibu yote, Abushiri bin Salim akiwa mbele huku na Bwana Heri kule Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Watu wa Mrima walikuwa na watu, bunduki na sababu ya haki. Ila mapato ya miji yao yalikuwa yamekwisha kuuzwa kwa karatasi ambazo hakuna diwani aliyewahi kushirikishwa kuziandika.

Wajerumani walipotulia walipanga ngazi yao: liwali mjini, akida chini yake, jumbe kijijini. Jina la jumbe likapelekwa mbali na pwani, hadi kwenye nchi ambazo hazikuwahi kuwa na jumbe, na huko likawa jina la mtu anayekusanya kodi na kusimamia shamba la pamba la serikali. Mashamba hayo yalikuwa miongoni mwa sababu zilizowasha Majimaji katika milima ya Matumbi Julai 1905. Waingereza walikuja na utawala wa kupitia watemi, Donald Cameron akauwekea sheria mwaka 1926, kisha mwaka 1953 ikaja sheria ya serikali za mitaa yenye mabaraza. Mabaraza yalihitaji jina la mtu anayeketi humo kwa niaba ya wenziwe. Jumbe alikuwa amechafuka, akida naye alikuwa anakumbukwa kwa kiboko. Diwani ndilo jina ambalo mkoloni hakuwa amelitumia sana, na nadhani ndiyo maana lilibaki safi kiasi cha kukubalika.

Baada ya uhuru utawala wa kichifu ulifutwa mwaka 1963, na madiwani wakabaki peke yao mbele ya wananchi. Hawakukaa muda mrefu. Mwaka 1972 mpango ulioitwa Madaraka Mikoani ulizivunja halmashauri za wilaya, na muda mfupi baadaye za miji zikafuata. Wataalamu wa kampuni ya Marekani ya McKinsey walikuwa wameshauri muundo huo. Kazi zikahamia kwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya waliowajibika kwa serikali kuu. Barabara za miji zikaharibika, takataka zikarundikana, mifereji ikaziba. Serikali ikazirudisha za miji mwaka 1978, sheria mpya zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza upya mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema baadaye kwamba kama angeanza tena, kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya. Katiba sasa inazitaja kwa ibara zake mbili, ya 145 na ya 146.

Kinachosahaulika katika habari ya 1972 ni vitabu. Halmashauri ilipovunjwa, rejista zake za viwanja, orodha za walipa kodi na kumbukumbu za vikao zilikwenda ofisi nyingine, na nyingi hazikurudi zikiwa kamili. Waliokuja mwaka 1984 walirithi viti kabla ya kumbukumbu.

Zanzibar ilikwenda njia yake, na inafaa kutazamwa. Huko wapo madiwani wa kuchaguliwa, lakini mtu ambaye mwananchi humwendea kwanza ni sheha. Sheha ni cheo cha kale cha Unguja. Wapo wanaolivuta neno lake kwenye shekhe ya Kiarabu na wapo wanaolipeleka kwenye shaha ya Kiajemi. Leo sheha huteuliwa na mkuu wa mkoa kwa ushauri wa mkuu wa wilaya, na shehia yake ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala. Sheha ndiye anayekuandikia barua kwamba unakaa hapa. Anashika orodha ya wakazi, kwa hiyo anashika mlango wa kitambulisho, na mlango wa kitambulisho ndio mlango wa kupiga kura. Hapo ndipo unapoona vizuri daftari lilivyo na nguvu kuliko kiti: aliyechaguliwa anahutubia, aliyeteuliwa anaandika, na mwananchi anajua aende kwa nani.

Kenya neno limestaafishwa. Madiwani wa mwisho walichaguliwa mwaka 2007. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, na tangu uchaguzi wa 2013 anayeketi katika bunge la kaunti ni mwakilishi wa wadi. Lina maana yake jina hilo, linaeleza anasimama kwa niaba ya nani. Ila limepoteza kile ambacho diwani ilikuwa nacho ndani yake tangu Madina.

Turudi kwenye kata za Tanzania Bara, karibu 4,000. Sheria inayomweka diwani madarakani, ile ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024, inataka awe anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Sharti hilo hudharauliwa kuwa dogo mno, na kila baada ya uchaguzi husikika hoja kwamba diwani awe na kidato cha nne, au stashahada. Binafsi sikubaliani na hoja hiyo. Nimeona wenye shahada wakikaa kikao kizima bila kufungua kabrasha, na nimemwona mama wa viti maalumu, mwenye elimu ya msingi, akisimama na kalamu kuuliza kwa nini takwimu ya ukurasa wa juu haifanani na ya chini. Sheria imetaja kusoma, na kusoma ndiko kunakokosekana.

Kabrasha ni daftari la leo. Ndani yake mna taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka, na safu zake hazibadiliki: makisio, halisi, asilimia. Mna taarifa ya utekelezaji wa miradi, na hapo ndipo ninapomshauri kila diwani mpya aanzie, maana ndio ukurasa anaoweza kuukagua kwa miguu. Utakuta zahanati, jina la kijiji, fedha iliyoidhinishwa, iliyopokelewa, iliyotumika, na mwishoni hatua iliyofikiwa: jengo limefika lenta. Lenta inaonekana kwa macho. Ama ipo juu ya madirisha ama haipo. Ikiwa ukurasa unasema lenta na pale kijijini matofali yameishia kwenye kingo za madirisha, basi kuna mifuko ya saruji na nondo zilizoandikwa bila kujengwa, na diwani ana swali lisilohitaji shahada. Likiulizwa barazani linaingia kwenye muhtasari. Muhtasari ukithibitishwa kikao kinachofuata, mkaguzi atausoma. Hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupata nguvu zaidi pale zinapokuta muhtasari unaoonyesha kwamba baraza liliuliza na halikujibiwa.

Tatizo ni kwamba kabrasha hufika kwa kuchelewa. Madiwani wa halmashauri kadhaa wamenieleza jambo lilelile, kitabu kinene kukabidhiwa usiku wa kuamkia kikao, au asubuhi mlangoni pamoja na fomu ya posho. Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza na anateuliwa na Rais, ana wataalamu waliokaa na takwimu hizo miezi mitatu. Diwani anapewa saa chache. Kanuni za kudumu za halmashauri zina muda wa kupeleka taarifa za vikao, na baraza lina haki ya kukataa kujadili lisichopewa nafasi ya kukisoma. Ningependa kuona haki hiyo ikitumika mara nyingi zaidi, hata kama kikao kitaahirishwa na posho ya siku hiyo ikapotea.

Hapa ndipo ile desturi ya Mrima ya mkubwa kulisha mji inapotuumiza. Diwani wa kata anapigiwa simu na msiba, ada ya shule, harusi, jeneza, mafuta ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya. Anayetoa anasifiwa, asiyetoa anaambiwa amebadilika. Mwaka 2000 Bunge liliingiza takrima katika sheria ya uchaguzi, kwamba ukarimu wa desturi wa mgombea usihesabiwe rushwa. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Takrima ikatoka kwenye sheria, haikutoka kwenye matarajio. Jumbe wa Pangani angalau alilisha mji kwa ada aliyoipokea mwenyewe kutoka kwa msafara. Diwani wa leo hapati mshahara wa mtumishi. Anapata posho, na posho hiyo haiwezi kubeba misiba ya kata nzima. Pengo hilo huzibwa na mtu, na aliyeziba atataka kandarasi, kiwanja au ukimya. Tunapomdai diwani jeneza tunamsukuma kwa mikono yetu kwa mtu huyo, kisha tunashangaa haulizi lenta.

Lipo pia suala la daftari kupungua kurasa. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na haikuwa na wa kuililia kwa jinsi ilivyokusanywa kwa kukimbizana na watu. Kodi ya majengo, ambayo miji mingi duniani huitegemea, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 hukatwa kwenye umeme wa LUKU. Makusanyo yamekuwa mepesi, hilo ni kweli. Lakini orodha ya majengo ya kata, nani ana nyumba ipi na inalipiwa nini, imeondoka mezani pa baraza. Diwani wa mjini sasa anaulizwa kuhusu taa za barabarani na mitaro na watu wanaolipa kodi ya nyumba zao kila wanaponunua umeme, naye hana takwimu ya kiasi kilichotoka kwenye kata yake. Yuko karibu sana na alipokuwa diwani wa Bagamoyo wakati vitabu viko Unguja.

Kilichobaki mikononi mwake kithaminiwe. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ile ni orodha ya majina kwa maana kamili ya diwani ya Umar, na diwani anaweza kuisoma jina kwa jina akajua kikundi kipi kipo na kipi kilizaliwa wiki ya kuomba mkopo. Vijijini sheria inataka mapato na matumizi yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu. Kata haina mkutano mkuu wa namna hiyo. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, hukutana, wataalamu hutoa taarifa, na habari huishia kwenye jalada la mtendaji.

Nafasi hiyo inaweza kuzibwa bila kutunga sheria mpya, maana mikutano ya baraza ni ya wazi kwa wananchi na kilichosomwa humo si siri tena. Kila robo mwaka, ukurasa wa miradi ya kata husika uchomolewe kwenye kabrasha na kubandikwa mahali watu wanapopita: ofisi ya mtendaji, zahanati, gulio. Safu nne zinatosha, fedha iliyoidhinishwa, iliyopokelewa, iliyotumika na hatua iliyofikiwa, kwa Kiswahili, bila vifupisho vya kihasibu, na chini yake tarehe ya kikao na saini ya diwani.